Kachumbari Ndiyo Huchagua Mvinyo

Mtu akiniuliza abebe mvinyo gani akienda kula nyama choma, mimi humwuliza kwanza kachumbari itatiwa ndimu kiasi gani. Wengi hudhani ninawakwepa. Wamezoea kuambiwa kwamba nyama nyekundu huenda na mvinyo mwekundu, samaki na kuku huenda na mweupe, basi, mambo yameisha. Kanuni hiyo ilitungwa na watu wanaokula nyama yenye mchuzi wa siagi, usiku, nje kukiwa na baridi. Hapa kwetu kati ya Thika na Ruiru nyama huliwa saa nane mchana mwezi wa Februari, jua likiwa utosini, kwa chumvi ya kuchovya, nyanya mbichi, vitunguu, dania na pilipili. Mbuzi ni mbuzi, lakini huo ni mlo mwingine kabisa.

Nenda Kamakis Jumamosi yoyote ya kiangazi, pale Eastern Bypass inapopita upande wa Ruiru. Mabucha na mikahawa imepangana kandokando ya barabara, moshi umetanda, na kila mlango una kijana wa kukuvuta ndani akuonyeshe paja la mbuzi linaloning'inia. Wanaume wengi wana bia. Meza ya kina dada waliokuja kumpongeza mwenzao ina chupa ya mvinyo mwekundu, mtamu, iliyosimama juani tangu walipofika. Ukiigusa shingo, ni ya moto. Wanapiga fundo moja juu ya ubavu, wanacheka, wanapiga picha, na baada ya muda si mrefu kila mmoja ana soda baridi mbele yake huku chupa ikiwa haijafika nusu. Mvinyo wenyewe hauna ubaya. Haukuwa na kazi tu pale mezani. Nyama ilikuwa na chumvi na mafuta, kachumbari ilikuwa kali, na kila mdomo ulikuwa unatafuta kitu cha kuusuuza.

Kuonja nilifundishwa kwa kahawa, kabla sijajua mvinyo ni nini. Baba alifanya kazi katika chumba cha kuonjea cha kampuni moja ya kahawa: kupanga vikombe, kuchemsha maji, kuosha. Tulikaa Ruiru, mji ambao kwa mkulima wa kahawa ni jina la mche, kwa sababu kituo cha utafiti cha hapo ndicho kilichotoa Ruiru 11 mwaka 1985, aina inayostahimili ugonjwa wa matunda ya kahawa na kutu ya majani. Wazee waliotuzunguka waliipanda kwa ajili ya mfuko, lakini mdomoni walisifu ile ya zamani, SL28, iliyochaguliwa na Scott Laboratories pale Kabete miaka ya 1930. Sifa yenyewe ilikuwa uchachu wake. Mpaka leo uchachu huo ndio unaowafanya wanunuzi wa Ulaya na Marekani watoe pesa ya ziada kwa kahawa ya Kiambu, Kirinyaga na Nyeri. Sisi tuliokulia katikati ya mibuni tulikunywa chai, lakini hayo ni mambo mengine.

Siku moja ya likizo baba alinisimamisha mbele ya vikombe. Kahawa iliyosagwa, maji ya moto juu yake, dakika nne za kungoja. Kisha ukoko huvunjwa kwa mgongo wa kijiko, unainama kunusa, unavuta kijiko kimoja kwa mlio ambao nyumbani ungekuletea kofi, halafu unatema kwenye ndoo. Nikasema ile ya kwanza ni chungu.

"Sijakuuliza kama ni chungu," baba akasema. "Umeshatema. Mate yamekuja au hayajaja?"

Nikangoja. Yalikuja, pembeni mwa ulimi, mengi hata nikalazimika kumeza.

"Basi hiyo ni nzima. Haya, ile nyingine?"

Ile nyingine iliniacha mdomo mkavu.

Sijapata kipimo bora kuliko hicho. Kinywaji cha kuburudisha kwenye joto ni kile ambacho ukishameza, mate yanakufuata. Uchachu ndio unaofanya kazi hiyo. Sukari huuficha. Na ukakasi, ule ule wa ndizi mbichi, ambao mvinyo mwekundu huupata kwenye maganda na mbegu za zabibu, hufanya kinyume: hukausha. Wakati wa baridi, na kipande cha nyama yenye mafuta mengi, ukakasi una raha yake. Kwenye jua, baada ya kachumbari, unajikuta unalamba midomo.

Kachumbari inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana watu huichukulia kama pambo. Nyanya mbichi ina asidi yake. Ndimu inaongeza. Ukishatafuna hivyo viwili, ulimi umezoea ukali, na mvinyo wowote wenye uchachu mdogo kuliko wa sahani utaonekana umepooza, hata kama ulikuwa mzuri kabla ya chakula. Pilipili nayo huwashwa zaidi na pombe: mvinyo wa asilimia 14 na nusu juu ya pilipili ya mbuzi ni kumwaga petroli motoni, ilhali wa asilimia 11 au 12 hupita salama, na utamu kidogo hutuliza. Katika vilivyomo sahanini, chumvi ndiyo peke yake inayosaidia. Hupunguza uchungu na ukakasi wa mvinyo, na ndiyo sababu mtu anayekula choma kwa chumvi tupu anaweza kunywa mwekundu bila kulalamika. Akishaomba kachumbari, mambo yamebadilika. Kwa hiyo nikiuliza kuhusu ndimu huwa nina maana yangu.

Mvinyo wenyewe nilikutana nao Thika, nilipoanza kuhudumu mezani katika hoteli moja ya mji huo. Chupa zilipangwa kwenye rafu juu ya mlango wa jikoni, mahali penye joto kuliko pote nyumbani humo, kwa sababu hapo ndipo wageni wangeziona wakiingia. Nyeupe zilihamishiwa kwenye friji ya soda pale tu mtu alipoagiza, na kwa kawaida alikuwa ameshamaliza kula zilipopoa. Si hoteli hiyo pekee. Mji ule una sehemu za kula nje za kupendeza sana, Blue Posts ikiwa mojawapo, ambayo imekuwapo tangu 1908 baina ya maporomoko ya Chania na ya Thika, na bado katika mji mzima ni vigumu kuletewa glasi iliyopozwa inavyofaa bila kuomba mapema.

Nakumbuka familia moja iliyokuja kumpongeza binti aliyepata kazi. Waliagiza mguu wa mbuzi, tilapia wawili wakubwa wa kukaanga, ugali, sukuma, na bakuli la kachumbari lililojaa. Mzee wa nyumba akataka "ile nyekundu ya bei". Nikamwambia, "Sawa mzee. Ila uniruhusu nilete na hii nyeupe iliyo kwenye barafu, muionje tu."

"Hiyo ni maji ya watoto."

Mkewe hakuinua macho kwenye samaki. "Lete, mama," akaniambia.

Ilikuwa Chenin blanc ya Afrika Kusini, bei yake chini ya nusu ya ile ya mzee. Zabibu hii asili yake ni Ufaransa, lakini leo Afrika Kusini ina mashamba yake mengi kuliko nchi nyingine yoyote, na sababu mojawapo ni kwamba haipotezi uchachu wake hata jua likiwa kali. Huko Cape wanavuna wakati ule ule sisi tunapokaukiwa: Jan van Riebeeck aliandika katika shajara yake kwamba zabibu za kwanza za Cape zilikamuliwa tarehe 2 Februari 1659. Ni mvinyo uliozaliwa kwenye joto la Februari, na labda ndiyo maana nimeupenda hivyo.

Chupa ile iliisha kabla samaki hawajageuzwa upande wa pili. Mzee hakuigusa. Alikaa na glasi yake nyekundu akinywa kwa heshima tu, mpaka jua liliposhuka nyuma ya miti na upepo wa mtoni ukaanza kupita bustanini. Kachumbari ilikuwa imekwisha, kumebaki mifupa na chumvi kwenye ubao. Hapo ndipo alipomimina glasi ya pili, akaegemea kiti, akafumba macho. Mvinyo wake ulikuwa umefikiwa na saa yake. Tangu siku hiyo huwa siwaambii watu waache mwekundu. Ninawaambia waungoje mpaka saa kumi na mbili unusu.

Au waupoze. Hili huwashtua wengi zaidi. Ile kauli kwamba mvinyo mwekundu unywewe katika joto la chumba ilitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya ambako chumba kilikuwa na nyuzi 16 au 17. Chumba cha bati cha mtaa wa Makongeni mwezi wa Februari si hicho. Mwekundu mwepesi, mathalani Cinsaut au Pinotage changa, ukikaa friji nusu saa hunyooka, harufu ya pombe inatulia na tunda linajitokeza. Pinotage, kwa anayetaka kujua, ni mtoto wa Cinsaut na Pinot noir, aliyezalishwa na Profesa Abraham Perold kule Stellenbosch mwaka 1925.

Kupoza kwenyewe ni kazi ya karai, wala haihitaji vifaa vya hotelini. Tia barafu karai la plastiki mpaka nusu, mimina maji ya bomba yafunike barafu, tupa konzi moja nzuri ya chumvi ya mawe, koroga kwa mkono mpaka vidole viume. Laza chupa ndani, izungushe mara kwa mara. Barafu tupu huigusa chupa hapa na pale tu. Maji huikumbatia yote, na chumvi huyawezesha kushuka chini ya sifuri bila kuganda. Dakika 20 zinatosha, muda ambao mbuzi wako bado anageuzwa jikoni. Anayeuza samaki sokoni kwa kawaida ana barafu, na hukupa kwa bei ya chini ukienda asubuhi. Suuza tu mifuko ya barafu hiyo.

Siku hizi napika kwenye shughuli za watu, ruracio hasa, yaani sherehe za mahari. Kiangazi kimoja nilialikwa kupika Gatuanyaga, mashariki ya Thika, ambako nchi inaanza kukauka kuelekea Ukambani. Wenyeji walitaka mvinyo kwa ajili ya wageni wa kutoka Nairobi, nikapeleka Sauvignon blanc kwenye makarai yangu. Wazee walikuwa na pombe yao ya muratina kwenye vibuyu, chini ya mwembe.

Muratina haitaki haraka. Tunda la mti wa muratina, Kigelia africana, ni refu, zito, wala haliliwi. Hupasuliwa, huchemshwa, hukaushwa juani mpaka libaki nyuzi nyuzi, na ni katika nyuzi hizo ambamo chachu hujificha. Linatiwa kibuyuni pamoja na asali na maji, au maji ya miwa, kibuyu kinawekwa karibu na meko kipate joto. Pombe ikiiva tunda hutolewa, likakaushwa tena, likatumika tena na tena. Nyumba yenye matunda mazuri huyatunza. Zamani vijana hawakuruhusiwa kuinywa, ilikuwa ya wazee, na mmoja wa wazee hao aliponiona nikichungulia aliniita.

"Wewe ndiye umeletwa kutupa pombe?"

"Ndiyo, guka. Ya wageni."

"Utagawaje pombe na hii huijui?"

Akanimiminia kidogo kwenye kipande cha kibuyu. Ilikuwa ya rangi ya majani makavu, nzito kidogo, na povu jembamba pembeni. Uchachu ulikuja kwanza, mkavu na wa wazi. Asali ilifuata baadaye, imeshaliwa utamu wake ikabaki harufu. Mwishoni kulikuwa na moshi wa meko. Nikangoja kama baba alivyonifundisha. Mate yakaja. Kando yake palikuwa na mbuzi wa kuchoma na mukimo wenye mahindi na majani ya malenge, na nilipokula kisha nikanywa nikajua kwamba chupa zangu hazikuwa na la kusema pale. Zilifaa kwa kuku na saladi ya wale wa Nairobi. Kwa mbuzi na mukimo, kibuyu kilikuwa mbele.

Siku ile ilinipa njia ya kuchagua. Nikipewa shughuli ya kiangazi natafuta chupa inayokaribia kibuyu kile: uchachu mbele, asali kwa mbali, pombe ya kiasi. Chenin blanc isiyo kavu kabisa hukaribia zaidi kuliko nyingine zote ninazozijua. Kwa nini tusiuze muratina iliyosafishwa, yenye chupa na leseni, kwenye mikahawa yote ya Kamakis? Hilo ni swali la wenye mitaji.

Mvinyo wa Afrika Mashariki upo, ingawa huonekana nadra mezani kwetu. Kampuni ya KWAL, iliyoanzishwa 1969, iliwahi kutengeneza mvinyo wa papai ambao watu wa rika la wazazi wangu bado wanaukumbuka, wengine kwa tabasamu na wengine kwa kuumwa kichwa, na kampuni hiyo imejenga kiwanda kipya Tatu City, hapa hapa Ruiru. Naivasha kuna Leleshwa, jina la kichaka cha kijivu chenye harufu kali kinachoota Bonde la Ufa. Ukiipata nyeupe yake au ile ya waridi, inunue kwa ajili ya samaki. Dodoma, Tanzania, wanavuna mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa karibu na ikweta mzabibu hauna majira ya baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anayeupa msimu kwa mkasi wa kupogolea. Mweupe mkavu wa Dodoma na tilapia wa kukaanga mwenye ndimu ni jambo ambalo ningependa kuliona kwenye menyu ya Thika kabla sijazeeka.

Dukani mambo ni mafupi. Geuza chupa usome asilimia ya pombe kabla ya kusoma sifa. Katika nyeupe za bei ya kawaida chagua mwaka wa karibuni. Hizo hazikutengenezwa zikae. Usichukue iliyosimama dirishani, jua limeshaionja. Kagua stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya mapato, kwa programu ya Soma Label, kwa maana tumezika watu kwa sababu ya pombe bandia katika nchi hii. Na usione aibu ya bei: tangu mwisho wa mwaka 2024 ushuru wa mvinyo hutozwa kwa kadiri ya pombe halisi iliyomo, kwa hiyo ule mwepesi unaokufaa kwenye joto ndio pia unaotozwa kidogo.

Bhajia na viazi karai, vyenye ukwaju, vinataka mvinyo wenye mapovu, hata ule wa bei nafuu kabisa. Mapovu na uchachu hukata mafuta. Pilau ya kuku na kachumbari yenye pilipili inataka wa waridi mkavu, baridi. Njahi, yale maharagwe meusi, ni nzito, ina utamu wake, na mwekundu mwepesi uliopozwa huibeba vizuri. Nanasi la Thika baada ya chakula ndilo lililonisumbua zaidi, kwa sababu lina asidi na sukari vyote kwa wingi, na kila mvinyo mkavu unaoufuatisha unageuka siki. Ama uwe na mvinyo mtamu kuliko nanasi, ama ule nanasi lako na maji. Mimi hula na maji.

Dada yangu yeye hutia barafu ndani ya glasi, na si vipande viwili. Huchukua ule mvinyo mtamu wa boksi, anajaza glasi ya maji kwa barafu, anakamulia ndimu juu, anakoroga kwa uma. Nilikuwa nikimwambia barafu inaharibu. Lakini ukitazama alichofanya, amepunguza sukari, amepunguza pombe, ameongeza uchachu na ameshusha joto, mambo yote manne ambayo mimi nayatafuta kwa bei kubwa zaidi. Mwaka huu tulipokula pamoja kwake Ruiru nilimwambia hivyo. Akanitazama, akanisogezea ndimu na kisu.

"Sasa acha kuongea, kata."